Mawe Haendi Kupimwa

Jioni hiyo, kwenye benchi iliyo katikati ya mlima wa Kalimoni, kahawa ya Njambi ilikuwa moto na maneno yalikuwa moto zaidi. Ndambuki, mchonga mawe, ambaye wote humwita Mawe, alikuwa na barua ya hospitali mfukoni. Kesho Thika, mishipa inayolisha moyo wake ipigwe picha. Moyoni alishaamua: haendi.

— Si walishakupima? aliuliza Muriithi, fundi wa mifereji, jina la kijiweni Bomba.

— Walinitembeza juu ya mashine dakika sita. Nikatokwa jasho na sikufika popote.

— Wueh! Na matope yote haya ya kutembea bure!

— Wanasema nikilala moyo uko sawa, nikitembea unalalamika. Sasa wataweka dawa kwa mkono, ipite kwa mishipa, mashine ione kama kuna penye pameziba ama palipoumbwa vibaya tangu nizaliwe.

— Hiyo ni kazi yangu! Unafungua maji juu, unangoja chini. Yakikataa, unagonga bomba.

— Usinigonge!

Kinuthia wa kutengeneza simu, yaani Profesa, akakohoa.

— Moyo ni kama simu. Unauzima, unauwasha tena.

— Na ukikataa kuwaka? akauliza Njambi.

— Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

— Profesa, hapo inaingiaje?

— Si atalazwa kwa kitanda? Mvungu uko wapi? Inaingia!

Mawe alicheka mpaka akamwaga kahawa.

— Hata hivyo siendi. Niko fiti. Nani hapa ameniona nikishika kifua?

Wakapuliza vikombe vyao.

Akoth, fundi wa nguo aliyekuwa kwa mamake Kisumu miezi mitatu, akatokea akiteremka.

— Hamjambo? Nimewatafuta kule juu kwa lami! Mbona mlileta benchi huku, na wateja wa Njambi wote wako kule?

Bomba akachungulia kikombe. Njambi akapangusa birika ambalo halikuwa na doa.

Mawe akakumbuka. Benchi ilishuka hapa nusu ya mlima wiki ileile alipoanza kusimama njiani, kifua kikimbana, akijidai anafunga kamba za viatu. Hakuna aliyemuuliza lolote. Akaitoa barua mfukoni, akaiweka juu ya benchi.

— Kesho ni saa ngapi? Bomba akauliza kwa upole.

— Saa mbili, akasema Mawe. Mnipitie mapema. Huu mlima tuupande polepole.