Vestine Hakuwa Mvivu

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Mimi ni Mwalimu Dorotea, nafundisha ushonaji hapa Gisenyi. Kiswahili changu nimetoka nacho Tanzania, na huu mdomo mkali pia. Bwana bado anaushughulikia.

Nina mwanafunzi, Vestine, binti wa Rugerero. Ana mikono mizuri ajabu! Siku moja pikipiki aliyopanda iligongwa, akaangukia kichwa. Alilazwa wiki nyingi. Aliporudi tulipiga vigelegele. Anatembea, anacheka, kovu limefunikwa na nywele. Tukasema amepona.

Ndugu zangu, hakuwa amepona! Namwambia apime kiuno, akate kitambaa, atie zipu. Anasimama tu, mkasi mkononi. Cherehani zote zikilia pamoja, anaziba masikio na kufoka. Saa nne asubuhi amelalia meza. Nikamwita mvivu mbele ya wenzake. Halafu nikawaza, labda ni pepo! Nikaita akina mama wa maombi, tukamzunguka tukipaza sauti. Analia, "Kichwa, Mwalimu! Kichwa!" Mimi nikazidi kukemea. Mungu anisamehe.

Kesho yake mama yake alikuja. Hakunigombeza. Alinishika mkono.

"Mwalimu, mutoto yangu haiko na pepo. Ubongo yake iliumia, daktari alituambia. Umuambie kitu moja, umungojee amalize. Akichoka, apumuzike."

Vestine akaongeza taratibu, "Mi siko nakataa, Mwalimu. Maneno yako inakuja mingi, ingine inapotea."

Nililia mbele yao! Siku ile Bwana alianza kumfungua mtu, na mtu huyo ni mimi.

Nilihamishia cherehani yake chumba cha nyuma, penye utulivu. Nikamchorea hatua za kazi kwenye karatasi. Nasema jambo moja, nangoja. Kungoja kulinitesa, nikawa nauma midomo! Nikamzoesha kupumzika kabla hajachoka. Miezi ikapita. Bado anasahau, bado kuna siku mbaya. Lakini sketi hii niliyovaa, tazameni pindo lake! Ameishona yeye, mwanzo hadi mwisho.

Utukufu kwa Mungu! Kama una mtu wa namna hii nyumbani au darasani, mtegemee Bwana, kisha muulize mwenyewe kinachomsaidia. Vestine ameketi pale mlangoni, mbali na spika. Baada ya ibada msimzunguke, wapendwa. Nendeni mmoja mmoja, mtajie jina lako, hata kama ulimtajia Jumapili iliyopita.

Sasa itikieni amina. Polepole.