Nehemiya Kabera na Pikipiki Isiyonguruma

Ijumaa hii, tarehe 30 Oktoba 2015, Bwana Nehemiya Kabera, mkuu wa karakana ya Huduma ya Afya Mwangaza hapa Nakivale, anastaafu akiwa na umri wa miaka sitini. Aliajiriwa Jumatatu, tarehe 2 Juni 1997. Ametumikia miaka kumi na minane na miezi mitano, pungufu siku tatu. Katika muda huo wote alichelewa kazini mara moja tu, na siku hiyo alikuwa amesimama njiani kumfungia mpita njia mnyororo wa baiskeli.

Alifika katika makazi haya ya wakimbizi mwishoni mwa mwaka 1996 akitoka milima ya Kivu Kusini, pamoja na mkewe, Mama Mukandoli, na watoto wao watatu. Ng'ombe wake walibaki huko. Alichokuja nacho ni baiskeli moja nyeusi, isiyo na gurudumu la mbele, ambayo aliibeba begani sehemu kubwa ya safari huku wenzake wakimwuliza kama amepungukiwa akili. Gurudumu alilipata Mbarara, kwa mfanyabiashara mmoja wa vipuri, kwa sharti la kumtengenezea baiskeli tisa zilizokuwa zimelala nyuma ya duka. Alizimaliza kabla ya jua kutua. Mkurugenzi wetu wa wakati huo alikuwa dukani kununua tairi. Alikaa akatazama mpaka duka likafungwa. Miezi michache baadaye, nafasi ya fundi ilipopatikana, hakuitangaza.

Wengi wetu tunaiona baiskeli kila siku na hatuishangai. Kabera aliishangaa kila asubuhi. Ni kitu chenye magurudumu mawili membamba, kisichoweza kusimama chenyewe hata kwa dakika moja. Lakini kikianza kwenda kinasimama, na kadiri kinavyokwenda ndivyo kinavyozidi kuwa imara. Mtu mmoja mwembamba hupanda nacho mlima akiwa amefunga mikungu mitano ya ndizi, na kinachomwezesha ni mnyororo unaotosha mfukoni. Gurudumu la nyuma la baiskeli ya kazi lina spoki arobaini. Kabera aliliinua, akalizungusha polepole, akapitisha ukucha juu ya spoki zote, akasikiliza, kisha akaigusa ile iliyolegea akiwa amefumba macho. Tulimjaribu mara nyingi, na wageni walimjaribu pia. Hakukosea.

Wakati huo wagonjwa wa vijiji vya mbali walibebwa mabegani kwa machela ya kusuka, ambayo majirani zetu wa Endiinzi huiita engozi. Kila nyumba ilitoa mwanamume wa kubeba, na asiyetoka alilaumiwa hadharani. Mwaka 1998 Kabera aliunda tela ya kwanza ya wagonjwa, yenye magurudumu mawili ya baiskeli, kitanda cha mabomba na turubai. Wabebaji wawili waliifanya kazi ya wanane. Pamoja na tela hiyo aliweka sharti ambalo halijavunjwa hadi leo: aliyetengeneza ndiye anayelala ndani kwanza. Fundi akimaliza kuchomelea, hujilaza kitandani, na mwenzake humkokota kuteremka mteremko wa kanisa kwa kasi. Mafundi wa karakana yetu huchomelea vizuri sana.

Pikipiki ya kwanza ililetwa mwaka 1999. Ilikuwa nyekundu, na Kabera aliiita Bihogo, kama wafugaji wa kwao wanavyomwita ng'ombe mwenye rangi hiyo. Zilizofuata nazo zilipewa majina ya ng'ombe. Hakuwa akifanya mzaha. Aliamini kwamba mashine iliyofanya kazi hudai mapumziko, na aliweka utaratibu wa kuipumzisha: alimwaga petroli yote kutoka kwenye tangi ili isichache na kuziba kabureta, akaiinua juu ya magogo ili tairi zisibebe uzito, akaifunika, akaiacha kivulini wiki mbili au tatu. Wapo waliocheka. Hata hivyo Bihogo iliendelea kutembea miaka kumi na minne, ilhali pikipiki za rika lake katika mashirika mengine zilikuwa zimeuzwa kama vyuma chakavu.

Tarehe 1 Julai 2013 wafadhili walitupatia pikipiki ya umeme, ya kwanza kuonekana katika makazi haya. Bi Nathalie, mhandisi wao aliyekaa Mbarara, mzaliwa wa Bukavu, aliikabidhi yeye mwenyewe na kueleza masharti. Ingefanyiwa majaribio ya miezi mitatu. Ikiwa hadi tarehe 30 Septemba ingekuwa inaweza kuvuta tela yenye mgonjwa kutoka eneo la mbali la Juru hadi kituo cha afya, tungeletewa nyingine nne. Ikishindwa, ingechukuliwa na kupelekwa kwingine. Kwa Bi Kantengwa, mkunga wetu wa Juru, jambo hilo halikuwa la mitambo. Mwaka huo peke yake wanawake watatu walikuwa wamejifungulia njiani, na mmoja wao alizikwa pamoja na mtoto wake.

Siku hiyo ya kuichukua kwenye ghala la wafadhili Mbarara, Kabera aliiendesha hatua chache tu uani, akasimama, akashuka, akainama kusikiliza. Hakukuwa na kitu cha kusikiliza. Vijana wa boda boda waliokuwa langoni walimzunguka, na mmoja akamwita ssebo, yaani bwana, kwa lugha ya huko.

"Ssebo, hiyo pikipiki iko bubu? Imekufa lakini inatembea!"

"Haiyakufa," Kabera aliwajibu. "Inatumika tu. Haina makelele sawa yako."

Walicheka mpaka alipokaa tena, akazungusha mshiko wa usukani kidogo, nayo ikapanda ngazi za ghala na gunia la mahindi nyuma yake bila moshi na bila kishindo. Mmoja wao alivua kofia ya chuma. Kabera mwenyewe, fundi mwenye uzoefu wa miaka thelathini, alisimama ameweka kiganja juu ya tandiko kwa muda mrefu. Walioshuhudia wanasema hakuonekana kama mtu anayekagua chombo. Alionekana kama mtu aliye kanisani.

Kwa wiki nane pikipiki hiyo ilifanya kazi bila dosari. Mwishoni mwa Agosti mwendeshaji wake, Bwana Appolinaire, alilazwa kwa malaria. Hakukuwa na mwingine aliyefundishwa kuiendesha ikiwa na tela. Kabera aliona huo ndio wakati wa kuipumzisha, naye alifanya kama alivyofanya kwa pikipiki zote. Kwa kuwa haina tangi la kumwaga, aliimwaga umeme: aliizungusha kiwanjani mpaka ikakataa kusogea, akaiinua juu ya magogo, akaifunika. Siku kumi na sita baadaye, Appolinaire alipopona, waliifunua na kuichomeka kwenye chaja. Haikuamka. Betri za namna ile zikiachwa tupu huharibika, na kati ya nne zilizokuwamo mbili hazikupokea umeme tena. Aliyeziua ni fundi bora kuliko wote, kwa utaratibu uliozifanya mashine zake nyingine ziishi.

Ilikuwa tarehe 18 Septemba. Zilibaki siku kumi na mbili.

Karakanani palikuwa na ushauri mwingi. Appolinaire alisema wazi kile ambacho wengine walikifikiri, kwamba lawama iachiwe walioileta. "Muzee, sema tu ilikuya mubaya toka kwabo. Nani atajua?" Kabera alichukua kalamu. Alifungua daftari la matengenezo akaandika kwa wino: "Betri mbili zimekufa. Niliimwaga umeme na kuilaza tupu siku kumi na sita. Kosa ni langu. N. Kabera." Ukurasa huo upo, na unaweza kusomwa na yeyote.

Betri za aina ile hazikupatikana Mbarara, ingawa alizitafuta siku mbili. Ndipo alipoifungua ya kwake. Nyumbani alikuwa na betri ya taa, iliyochajiwa kwa paneli ya jua, yenye volti sawa na moja ya zile zilizokufa. Mama Mukandoli alisimama mlangoni akamtazama anavyokata nyaya.

"Sasa tutakula mu giza juu ya piki?"

"Siku kidogo tu, mama watoto."

"Ulisemaka vile na ile kinga ulibebaka mu mabega." Kinga ndilo jina la baiskeli kwao. Alisema hivyo, lakini alimshikia koleo.

Betri ya pili ilitoka kanisani, na ilikuwa ya kinanda cha kwaya. Wanakwaya walijadili jambo hilo kwa muda mrefu kuliko ibada yenyewe, kisha wakakubali kuimba kwa makofi. Betri hizo mbili zilikuwa kubwa mno kukaa chini ya tandiko. Kabera aliziundia sanduku la chuma chini ya kitanda cha tela, akaliwekea mpira na mbao ili asidi na mgonjwa visikutane, akapitisha nyaya nene hadi kwenye mota. Alipomaliza, alijilaza juu yake, akaamuru akokotwe mteremkoni, kisha apandishwe tena kwa umeme. Aliposhuka, alipanda tena akarudia.

Alfajiri ya Ijumaa, tarehe 27 Septemba, mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Bi Kantengwa alipiga simu kutoka Juru. Bi Kampire, mwenye mimba ya kwanza, alikuwa na uchungu tangu jioni na mtoto alikuwa amekaa vibaya. Gari la wagonjwa lilikuwa Mbarara na barabara ilikuwa tope. Appolinaire aliondoka na pikipiki ya umeme. Kabera alimfuata kwa baiskeli, kwa sababu hakutaka uzito wake uongezwe kwenye betri.

Bi Kantengwa, aliyerudi akitembea na kukimbia kando ya tela, amesimulia safari hiyo mara nyingi. Pikipiki za petroli huteleza topeni kwa kuwa nguvu yake huja kwa kishindo. Ile ilivuta polepole, kama mtu anayevuta kamba bila kuinyakua. Kwa kuwa haikunguruma, aliweza kusikia kila pumzi ya mgonjwa na kuzungumza naye bila kupaza sauti. Kampire alimwuliza katikati ya njia, "Mama Kantengwa, tunatembea ao tumesimama?" Mkunga anasema kwamba katika miaka yake yote ya kazi hakuwahi kuona mgonjwa akisafirishwa hivyo.

Katika mwinuko wa mwisho, kituo kikiwa kinaonekana, nguvu iliisha. Betri zisizolingana hazikuweza zaidi. Kabera aliitupa baiskeli yake kando, akashika nyuma ya tela, akaita. Wanaume walitoka majumbani na mashambani, Wakongo na Wanyankole, wale wale waliokuwa wakibeba engozi zamani, wakasukuma mpaka mlangoni. Kampire alijifungua saa tatu kasoro dakika kumi asubuhi. Mama alikuwa hai. Mtoto, wa kike, alikuwa hai.

Jumatatu tarehe 30, Bi Nathalie alifika. Wengine walitumaini kwamba habari njema ya mtoto ingefunika mengine. Kabera alimpa daftari kwanza, kabla ya salamu kwisha, likiwa limefunguliwa kwenye ukurasa wa kosa lake na ule unaofuata, ambapo alikuwa ameandika: "Imevuta kutoka Juru. Imeishiwa nguvu mita mia tatu kabla ya kituo. Watu wamesukuma." Alisimama mbele yake wima, mikono nyuma.

Bi Nathalie alisoma kurasa zote mbili mara mbili. Kisha akauliza, "Papa Kabera, ni nani alikulazimisha kuandika hii?"

"Hakuna, Ingénieur. Kama siandike, fundi mwingine ataiua tena, na atakuwa na mugonjwa mu tela."

Alieleza baadaye, mbele ya wafanyakazi wote, kwamba majaribio kama yetu yalifanywa mahali pengine patatu. Pikipiki zote tatu zilikuwa zimekufa, na ripoti zote tatu zilisema sababu haijulikani. Daftari la Nakivale ndilo pekee lililomwambia mashine hiyo inauawa na nini na inaishiwa nguvu wapi. Kwa masharti yaliyoandikwa, tulikuwa tumeshindwa kwa mita mia tatu. Aliandika hivyo katika ripoti yake, kisha akaandika chini yake kwamba pikipiki nne ziletwe, zenye betri kubwa zaidi, na zikabidhiwe kwa mtu aliyeandika daftari hilo. Zilifika Februari 2014. Kinanda cha kwaya kilirudishiwa betri yake, na nyumba ya Kabera taa yake.

Ukutani mwa karakana sasa pana maneno aliyoyaandika yeye mwenyewe kwa rangi nyeupe: "Pikipiki hii isilazwe na njaa." Kila mwendeshaji mpya huyasoma kwa sauti kabla ya kupewa ufunguo.

Tangu Februari ile hadi juma lililopita, akina mama mia moja arobaini na wanne wamevutwa kutoka Juru hadi kituo cha afya. Bi Kantengwa anaitunza hesabu hiyo. Hakuna hata mmoja aliyejifungulia njiani.

Mzee Kabera, ahsante kwa kazi ya mikono yako, na kwa kurasa mbili ulizoziandika wakati hakuna aliyekuwa akikutazama. Ahsante nawe, Mama Mukandoli. Mungu awape afya, awape wajukuu wengi, na awape njia kavu popote mwendapo.