Hita Mbili za Masele

Benchi la kahawa pale karibu na stesheni ya Mpanda lilijaa tangu asubuhi, maana Masele alikuwa amekuja na hita mbili za gesi na mtungi wake, akaomba ushauri, kosa ambalo mwenye akili halifanyi hadharani. Kesho anampeleka mkewe Kasilda na mtoto wa miezi mitatu Sumbawanga, bibi amwone mjukuu, na njiani watalala ndani ya kombi yake yenye kitanda. Mwezi wa saba, baridi ya Ufipa haina mchezo. Hita moja ilikuwa ndogo, inang'aa. Ya pili kubwa, imechakaa, ina bomba la kutolea moshi. Hiyo inataka bati la kombi litobolewe, na Masele kaipaka rangi juzi tu.

— Chukua ndogo, alisema Lyamba, waliyemwita Injinia kwa sababu aliwahi kubeba sanduku la spana la fundi wa treni. — Kombi nzuri hivyo unaitoboa iwe chujio?

— Nyie mnacheza! alidakia Mabula Redio, ambaye hajawahi kuzimika. — Gesi si ya friji? Mtoto ataganda kama sangara!

— Ya friji inarudi nyuma, Injinia akajibu. — Hii inakwenda mbele.

— Nani kakwambia?

— Nimesoma kwenye mtungi.

— Mtungi umeandikwa Kijerumani!

— Nimesoma picha.

Benchi zima likaangua kicheko, kahawa ikamwagika. Masele alishamwona Kasilda anatupa blanketi kwa joto.

Redio akasimama kabisa.

— Halafu gesi inanyanyua maputo. Ikijaa humo, mtalala Sumbawanga, mtaamkia Zambia!

— Bila pasipoti! Injinia akapiga makofi.

— Basi ni ndogo, Masele akakata shauri. — Na madirisha naziba yote, joto lisitoke hata chembe.

Dafrosa, muuza mkaa kutoka kijiji cha Kakese, alikuwa ndiyo kwanza anatua gunia lake apumzike.

— Shemeji, mkishaziba, huyo mtoto atavuta hewa gani?

Injinia aliuinamia mtungi, akaugeuza.

Masele aliitazama rangi yake mpya kwa uchungu, kisha akaibeba ile hita kuukuu kwa mikono miwili.

— Nani ana drili? Natoboa matundu mawili. La bomba, na la kupumulia.