Njia ya Sebuleni kwa Léonce

Kwenye basi la kutoka Kanyosha, mbele yangu waliketi majirani wawili waliokuwa wanakwenda komini, ofisi ya serikali ya mtaa, kushtakiana. Mmoja wao, Mzee Léonce, alikuwa amejenga nyumba katikati ya njia ambayo mtaa wote hupitia kukimbia risasi zikilia milimani.

"Mama Gaël, mi niko na ruhusa," alisema Léonce. "Kwenye plan ya komini, iyo ramani yao, njia haiko."

"Na sisi wenye tunaipita, hatuko?"

Kumbe vita vilipofika Jumanne, watu waliingia kwa mlango wake wa mbele wakatoka kwa wa nyuma, pamoja na mbuzi, familia yake ikiwa mezani. Tangu hapo hawajaacha kupita, hata kukiwa kimya. Wenye adabu husalimia.

"Naenda kuomba nibomoe, njia irudi," alisema Léonce kwa unyonge.

"Apana! Mvua ikinyesha tutapita wapi? Kwako kuko mabati!"

Nilidhani anatania, kumbe alikuwa na hasira ya kweli. Basi likasimama mbele ya komini. Mama Gaël akainuka.

"Tena ule mlango wa nyuma uupanue, muzee. Jumanne mama mukwe alikwama mule, na risasi zinalia."