Dada Pamba, Msafishaji wa Picha za Makumbusho

Binti tunayemzika leo alizaliwa tarehe 9 Juni 1990, kifungua mimba wa mama yake. Alikuwa mtoto wa kutazama vitu mpaka pua iguse, na mama yake alimpeleka kupimwa macho mara mbili akidhani haoni. Kumbe alikuwa anaona kuliko sisi sote.

Alisoma shule ya msingi jirani na nyumbani, kisha sekondari ya bweni, na mwaka 2012 akahitimu chuo. Mwaka uliofuata aliajiriwa makumbusho, katika chumba cha nyuma, kusafisha na kutengeneza picha za zamani kabla hazijatundikwa. Mfukoni hakukosa pamba, ndiyo maana wenzake wakamwita Dada Pamba.

Siku moja fundi umeme alikuja kufunga taa kali ukumbini. Binti akamwambia, "Kaka, zima hiyo. Unaniunguzia watu." Fundi akatazama huku na huku, asione mtu, ila picha ukutani. Yeye na fundi huyo walifunga ndoa tarehe 5 Desemba 2015, na nyumbani kwao taa zilikuwa hafifu hata wageni wakapapasa viti.

Mwaka 2021 aliletewa picha ya wafungwa wakipasua mawe ya barabara enzi za ukoloni, msimamizi wao kasimama na kiboko. Doa la maji lilifunika uso wa msimamizi. Alilitoa kidogo kidogo, kwa kijiti chenye pamba. Lilipotoka, akaja nyumbani na picha hiyo kwenye simu.

"Mama, huyu si babu, baba yako?"

"Wanaume wafupi wako wengi."

"Wafupi wako wengi, Mama. Lakini masikio haya ni ya kwetu," akashika la kwake.

Mjomba wake alikuwa amekaa palepale. "Hilo doa lilikukera nini? Si lilikuwa linatusitiri?"

"Mjomba, mimi nasafisha tu. Sichagui nani aonekane."

Aliomba jambo moja: jina la babu liandikwe chini ya picha, kwa kuwa wajukuu wa wafungwa wale huja kuitazama, na huuliza. Hakutaka kuliandika bila ridhaa ya mama yake. Mama yake alikataa, akiwaza majirani watasema nini. Siku ya ufunguzi wa maonyesho ya picha hiyo mama hakwenda. Alisema ana homa, na jioni binti akamletea dawa. Chini ya picha paliandikwa, "Msimamizi, hajulikani."

Mwaka jana mama yake aliona viatu vya binti vimeanza kumbana kila jioni, akamsukuma aende hospitali. Zilikuwa figo. Alitibiwa, akapata nafuu, akazidiwa tena. Alifariki asubuhi ya tarehe 18 Agosti 2024, mume wake na mama yake wakiwa kando ya kitanda. Kwa muda wote huo wa kuugua hakuuliza tena habari ya jina, na hilo ndilo linalomwinamisha kichwa mama yake, aliyeandika maneno haya, mbele yenu leo.

Ameacha mume, binti wa miaka sita, mama, wadogo zake wawili na mjomba. Mjomba bado hajakubali jina litajwe, naye ameombwa radhi. Jumatatu mama atakwenda makumbusho kuwapa jina la baba yake, liandikwe lote.

Mungu ampumzishe binti yetu kwa amani.