Kofia ya Karabai ya Gélase

Bisha ukitaka, lakini mimi Pampu, niliyeacha shule darasa la sita bila hata kumuaga mwalimu, nikifumba macho nakutajia kifaa chochote cha taa ya karabai kwa kukipapasa tu. Mwaka ule meli inawasomba wakimbizi wa Burundi kutoka Kagunga mpakani, taa ya kuvulia dagaa ikigoma popote mtaani kwetu Gungu, ilikuja kwangu. Meza yangu ilikuwa ubavuni mwa kijiwe cha kahawa cha Mzee Gervasi. Benchi lilikuwa la Hamdani, tuliyemwita Profesa kwa kuwa hajui kunyamaza, na Telesphory fundi cherehani, tuliyemwita Jaji.

Asubuhi moja akaja kijana Mrundi, Gélase. Akatoa mkobani kitu cha bati la bluu, cha duara, kimebonyea upande, akauliza kama kuna anayekijua.

Profesa akasema kifuniko cha injini ya boti. Jaji akapinga: hicho Wajerumani walipimia kina cha ziwa.

— Ndiyo maana kimebonyea. Maji yalikibana.

— Jaji, mwenda pole hajikwai. Basi hiyo ni kofia ya askari wao mwenye kichwa kidogo.

Nikamnyang'anya Gélase kile kitu.

— Wazee, mnakiaibisha kijiwe. Hii kofia ya karabai, inakaa juu ya kioo. Matundu haya ya kutolea joto.

Gélase akachuchumaa. Taa ilikuwa ya marehemu baba yao. Safarini dada yake Astérie aliibeba ndani ya kitenge, yeye akaweka kofia mkobani isipotee. Kwenye msukumano wa kupanda meli wakapotezana. Wiki ya tatu hiyo, hajamwona.

— Kaka zangu, karabai isiyo na kofia hii mmeiona wapi?

Profesa akakodolea macho kikombe. Mimi nikajifanya natafuta bisibisi, nikaitafuta mno, mwisho nikasema:

— Twende mtaa wa Katubuka.

Tulimkuta Astérie uani kwa Mama Eufrasia aliyemhifadhi, anakanda unga wa mandazi. Karabai inaning'inia mlangoni, imevaa kopo. Gélase akalitoa kopo, akaweka kofia, ikakaa. Astérie akamshika kaka yake uso kwa mikono ile ile ya unga.

Kijiweni nilisema nimempata kwa akili ya ufundi. Profesa akaniita Daktari, nami nikaitika.

Sasa nikwambie nilichoruka. Lile kopo la maziwa nililikata mimi. Wiki moja nyuma Astérie alileta taa mezani, akanitajia anakokaa Katubuka. Nikalipaka kopo rangi, nikamuapia ni kofia halisi ya Ujerumani. Siku ile uani nilisimama nyuma ya Gélase nikingoja kuumbuliwa. Astérie akaliokota kopo, rangi inabanduka, akaniangalia.

— Nilijua ni kopo siku ya kwanza kuliosha. Lakini taa iliwaka, na wewe umemleta. Asante sana, urakoze cane.

Nikamwomba anipe lile kopo. Liko mezani kwangu mpaka leo, na mteja akiuliza, namwambia: hilo ni kopo.