Imefika Namba Ngapi?

Saa tano ilishapita na kijiwe cha kibarazani kwa fundi cherehani kilikuwa kimejaa, wala si kwa ajili ya kahawa. Juu ya meza ya kukatia vitambaa kompyuta ilikuwa inahangaika tangu asubuhi na swali moja: ni idadi gani ndogo kabisa ya vifungo ambayo ukivipanga viwili viwili kinabaki kimoja, vitatu vitatu vinabaki viwili, hivyo hivyo mpaka kumi kumi vinabaki tisa? Jibu likifika kabla ya saa sita, fundi anapata nafasi kwenye darasa la jioni la kuandika programu. Walishamkataa mara mbili. Na mtu mzima kukataliwa mara ya tatu, jamani, inauma.

Programu aliiandika mwenyewe: ianze na moja, igawanye, isipopata ijaribu tena. Lakini kioo kimya.

— Imechoka, — kinyozi wa jirani alisema. — Ipumzishe.

Desimali, mwalimu mstaafu wa hesabu, alikataa katakata. Kwake yeye, swali lenyewe lilitungwa makusudi ili watu wazima wakome. Muuza magazeti, waliyemwita Redio, akawapiku wote: namba ipo, ila inaona haya kutoka mbele za watu.

— Si mnajua mficha uchi hazai? Kompyuta imeficha namba, itazaaje jibu?

Fundi hakucheka. Alishaanza kutafuta maneno ya kumwambia mkewe.

Ndipo akaja mama mmoja kufuata gauni lake. Akatazama kioo, akawatazama wanaume.

— Sasa hivi imefika namba ngapi?

Desimali akakohoa. Fundi, kwa aibu, akaisimamisha programu, akaongeza mstari wa kuiamuru itaje kila namba inayoijaribu, akaiwasha upya.

Moja. Moja. Moja. Moja.

Lo! Alisahau kuiambia iongeze. Tangu asubuhi mashine ilikuwa inakipanga na kukipangua kifungo kile kile kimoja. Akaandika ongezo lile, na kinyozi hajapepesa jicho, 2519 hiyo hapo. Desimali akaigawanya kwa kalamu kiganjani: kwa kumi inabaki tisa, kwa tisa inabaki nane. Akatikisa kichwa kukubali, kwa shingo upande.

Fundi akatuma zikiwa zimebaki dakika nne. Majibu yakarudi papo hapo. Akakaa chini, moyo kwatu, akampigia mkewe.

— Wamenichukua.

Mkewe akasema:

— Hebu rudia.

Akarudia.